Mpende Mchezaji Kwanza, Kadi Zitafuata

Hotuba kwa Waswahili wanaoishi Pittsburgh, Pennsylvania

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, kaka na dada zangu, vijana, na nyinyi watoto mliowahi viti vya mbele, habari zenu. Nawashukuru walioandaa mkusanyiko huu kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ninalolipenda kwa dhati, nalo ni kukusanya kadi za zamani za besiboli, hasa kadi za wachezaji walionigusa moyo.

Najua wengi humu tumekulia mpira wa miguu. Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, Vita Club na Mazembe, hayo ndiyo tuliyoyabishania vibarazani mpaka chai ikapoa. Besiboli tumeikuta huku. Wengine mpaka leo mnaiona ni mchezo wa watu kusimama tu, na mimi siwalaumu, maana mchezo usiokuzwa nao huna pa kuushikia. Leo nataka kuwapa pa kuushikia. Mchague mchezaji mmoja. Mjue alikotoka, halafu zifuate kadi zake mwaka hadi mwaka. Nawaahidi kwamba mtajifunza mambo ya nchi hii ambayo mtihani wa uraia hautawauliza kamwe.

Wangu mimi ni Roberto Clemente.

Hakuna humu ambaye hajavuka daraja lake. Lile la njano la Mtaa wa Sita, linalotoka katikati ya mji kwenda uwanja wa PNC Park, lilipewa jina lake mwaka 1998. Ukiingia uwanjani, ukuta wa upande wa kulia una urefu wa futi 21, kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 21 na upande huo ndiko alikokuwa akilinda. Kule Lawrenceville kuna jumba la makumbusho yake, ndani ya jengo lililokuwa kituo cha zimamoto. Basi mji mzima umejaa jina la mtu ambaye, alipofika hapa, mji huu ulimpa tabu kumwita jina lake.

Alizaliwa Carolina, Puerto Rico, tarehe 18 Agosti 1934, kitinda mimba wa watoto saba. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Pirates, timu ya besiboli ya hapa Pittsburgh, walimpata mwishoni mwa 1954 kutoka kwa Dodgers wa Brooklyn kwa dola 4,000, akaanza kucheza hapa mwaka uliofuata. Alikuwa kijana mweusi anayezungumza Kihispania, na Kiingereza chake kilikuwa bado kinajengwa. Waandishi wa magazeti walikuwa wakiyaandika maneno yake kwa herufi zilizopindwa ili wasomaji waicheke lafudhi. Wazazi mliomo humu, mliowahi kusimama dirishani kwenye ofisi fulani mkaambiwa mrudie mara ya tatu, mnajua uchungu wa jambo hilo bila mimi kuueleza.

Sasa tazameni kadi. Kadi yake ya kwanza ya Topps ni ya 1955, namba 164. Topps ilikuwa kampuni ya Brooklyn ya kutengeneza bigijii, na kadi zilitiwa ndani ya pakiti ili watoto wanunue zaidi. Kadi ile imelala, yaani inasomwa kwa upana. Sura yake kubwa iko upande mmoja, na pembeni kuna picha yake ndogo akiwa uwanjani. Jina limeandikwa Roberto Clemente. Mwaka 1956 pia ni Roberto. Halafu mwaka 1957 inatoka kadi mpya, na jina limekuwa Bob Clemente. Mwaka 1958, Bob. Mwaka 1959, Bob. Ikaenda hivyo mpaka 1969, miaka 13 mfululizo. Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo na alisema wazi kwamba anaitwa Roberto. Katika miaka hiyohiyo alishinda ubingwa wa upigaji wa ligi yake mara nne, akachukua World Series, yaani ubingwa wa ligi kubwa za Marekani, na Pirates mwaka 1960, akatajwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1966. Kadi ikaendelea kusema Bob. Mwaka 1970 ndipo jina Roberto liliporudi.

Ukizipanga kadi hizo mezani kwa mfuatano, unaona kwa macho yako jambo ambalo kitabu kingelieleza kwa sura nzima. Mtu amenyang'anywa jina lake taratibu, bila kelele, kwenye kadi za pakiti ya bigijii, mbele ya mamilioni ya watoto. Halafu amerudishiwa, naye alikuwa amebakiza miaka michache tu ya kuishi. Mimi nazikusanya zote, za Bob na za Roberto, na siwezi kuziacha zile za Bob. Bila hizo, kadi ya 1970 ni kadi tu.

Niwaonyeshe moja kwa karibu. Hii ni ya 1964. Mbele, juu, kuna neno PIRATES kwa herufi kubwa, na chini jina, Bob Clemente. Pembe zake zote nne zimelegea, na kona moja ina mkunjo unaofika hadi kwenye bega lake. Kuna tundu la pini juu, na tundu jingine chini, maana kuna mtoto aliitundika ukutani. Geuzeni nyuma. Nyuma kuna rangi ya chungwa, na takwimu zake za mwaka uliotangulia, wastani wa .320. Kwa wasiojua, maana yake ni kwamba kila alipokwenda kupiga mara elfu moja, mara 320 angefika kituoni kwa mpigo wake mwenyewe, na hiyo katika besiboli ni sifa kubwa. Chini ya takwimu kuna swali la chemsha bongo lenye jibu lililofichwa, na mtoto alitakiwa asugue kwa sarafu ili jibu litokee. Kwenye kadi hii mtoto amesugua. Mikwaruzo ya sarafu bado ipo, imekwenda upande mmoja, kwa mkono wenye haraka.

Wafanyabiashara wa kadi watawaambia kwamba mkwaruzo huo na matundu hayo yameua thamani ya kadi. Kwa hesabu ya mnada ni kweli. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kadi niliyoinunua kwa furaha kuliko zote, kwa sababu kuna mtoto wa mwaka 1964 aliyempenda Clemente kiasi cha kumtundika ukutani na kutaka kujua jibu.

Mnajua alivyokufa. Tarehe 30 Septemba 1972, hapa Pittsburgh, kwenye uwanja wa Three Rivers, alipata mpigo wake wa 3,000. Huo ndio ukawa wa mwisho katika msimu wa kawaida. Tarehe 23 Desemba tetemeko la ardhi liliipiga Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya misaada huko Puerto Rico. Habari zikamfikia kwamba misaada iliyotangulia ilikuwa inaporwa na wanajeshi kabla ya kuwafikia wenye shida. Akasema atakwenda mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba ndege iliyokuwa imezidishiwa mzigo iliruka kutoka San Juan ikaanguka baharini. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 38. Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka mitano ndipo apigiwe kura ya kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown. Kwake walilivuka sharti hilo, akaingia mwaka 1973.

Na mwaka huohuo wa 1973 Topps walitoa kadi yake, namba 50. Watoto waliifungua kwenye pakiti wakati mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Jina lililoandikwa hapo ni Roberto Clemente.

Nimekaa sana kwa Clemente, na sijutii. Sasa niwapeleke kwa mtu wa pili, ambaye ugumu wa kadi zake ni wa namna nyingine kabisa. Kadi zake karibu hazipo.

Josh Gibson alizaliwa Georgia mwaka 1911, na familia yake ikahamia Pittsburgh baba alipopata kazi ya viwanda vya chuma. Hapa mjini palikuwa na timu mbili kubwa za watu weusi, Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Gibson alizichezea zote mbili. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na alikuwa na nguvu ya kupiga mpira ambayo waliomwona waliisimulia maisha yao yote. Katikati ya miaka ya 1930 Crawfords walikuwa na wachezaji watano ambao baadaye wote waliingia Cooperstown: Gibson, Satchel Paige, Oscar Charleston, Cool Papa Bell na Judy Johnson. Walikuwa na uwanja wao kule Hill District, uliojengwa na Gus Greenlee, mtu mweusi, mwaka 1932. Wakubwa zetu, timu kama hiyo leo ingefungiwa barabara ikipita.

Lakini ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi, na kampuni za kadi zilichapisha wachezaji wa ligi hizo tu. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa seti ya kadi nzuri ajabu, rangi zimekolea, na Babe Ruth, mpigaji mzungu aliyekuwa maarufu kuliko wote, peke yake alipewa kadi nne tofauti. Josh Gibson, aliyekuwa akiupiga mpira mwaka huohuo katika mji huu, hakupewa hata moja. Alifariki hapa Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Hata miezi mitatu haikutimia, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson, mchezaji mweusi, akaingia uwanjani na Dodgers wa Brooklyn, na mlango ukafunguka. Kaburi la Gibson liko hapahapa, makaburi ya Allegheny, na lilikaa bila jiwe la maana mpaka mwaka 1975.

Kadi yake inayojulikana kwa wakusanyaji ilichapishwa Puerto Rico, katika seti iitwayo Toleteros ya 1950-51, yeye akiwa amekwisha kufa. Alikuwa amecheza huko kwenye ligi ya majira ya baridi, na watu wa kisiwani walimkumbuka. Nchi yake mwenyewe ilikuwa bado haijamchapisha. Kadi hiyo ni adimu, bei yake si ya watu kama mimi, nami nimeridhika kuitazama kwenye picha. Kuanzia miaka ya 1970 wachoraji na kampuni mbalimbali walitoa kadi za kumbukumbu za wachezaji wa ligi za watu weusi, na hizo zinapatikana kwa bei ya kawaida. Ninazo kadhaa. Mwezi Mei 2024 ligi kuu ilipoingiza rasmi takwimu za ligi hizo kwenye vitabu vyake, Gibson akatokea juu ya wote kwa wastani wa maisha, .372. Siku hiyo nilizitoa kadi zangu za kumbukumbu nikazipanga mezani, nikawaita wanangu waone jina la aliyeongoza.

Ukishalijua pengo hilo, kadi za waliopita mlangoni zinabeba uzito mwingine. Kadi ya Robinson ya kampuni ya Leaf, iliyotoka 1949, ina manjano makali nyuma ya kichwa chake, na yeye anatabasamu. Watu wanaoijua hadithi ya matusi aliyotukanwa uwanjani huitazama ile tabasamu kwa muda mrefu. Satchel Paige alipata kadi za ligi kubwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, baada ya kusajiliwa na Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao wenzake walikuwa wamestaafu zamani. Kwenye kadi yake ya Topps ya 1953 waliongeza herufi L kwenye jina lake, wakaandika Satchell. Na Hank Aaron, ambaye tarehe 8 Aprili 1974 aliivunja rekodi ya Babe Ruth ya mipira 714 iliyopigwa nje ya uwanja, kadi yake ya 1957 ilichapishwa kinyumenyume. Anaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto, naye alikuwa wa kulia. Ukiangalia jezi yake, namba 44 imegeuka. Watoto, nitawaachia kadi hiyo kwenye simu yangu baadaye, mtafute wenyewe.

Tuje kwenye fedha, maana najua kuna vijana wanangoja hapo.

Ni kweli kuna kadi zinazouzwa kwa mamilioni. Honus Wagner, mchezaji wa zamani wa Pirates, mwana wa hapahapa, aliyezaliwa mji ambao leo unaitwa Carnegie na ambaye sanamu yake imesimama nje ya PNC Park, alichapishwa kwenye kadi za sigara kati ya 1909 na 1911, seti ambayo wakusanyaji huiita T206. Kadi yake ilisimamishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema hakulipwa. Zilizobaki duniani ni chache, na moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mwezi huohuo, Agosti, kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa New York Yankees, ya Topps ya 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Kwa nini ile ya Mantle? Topps hawakuzichapa kadi za mwaka kwa mkupuo mmoja. Walizitoa kwa mafungu kuanzia majira ya kuchipua. Seti ya 1952 ilikuwa na kadi 407, na fungu la mwisho, kuanzia namba 311 ambayo ni ya Mantle, lilitoka wakati msimu unakaribia kwisha, watoto wamerudi shule na akili zimehamia kwingine. Maduka hayakuagiza. Maboksi yakabaki ghalani. Sy Berger, mmoja wa wabunifu wa seti ile, alisimulia kwamba mwaka 1960 alizipakia kwenye tishari akazitupa baharini nje ya New Jersey ili kupata nafasi. Ongeza hapo mama zao waliofagia vyumba vijana walipokwenda jeshini au chuoni, na wavulana waliozibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio kama pikipiki. Hivyo ndivyo kitu kilichouzwa kwa senti moja au tano kikawa adimu.

Miaka ya mwisho ya 1980 watu walikuwa wamelijua hilo, wakaanza kununua kadi na kuzifungia kabatini wakingoja utajiri. Kampuni zikachapa bila kiasi. Kila mtu akazitunza, hakuna aliyetupa, na leo maboksi yale hayana thamani. Nyumba nyingi za mji huu zina boksi la namna hiyo chini kwenye besimenti. Mkiletewa na jirani kwa bei kubwa, mshukuruni kwa heshima mwondoke.

Na palipo na fedha hapakosi wadanganyifu. Ile kadi ya Wagner iliyo maarufu kuliko zote, iliyokuwa ya kwanza kabisa kupewa alama ya ubora na PSA, kampuni ya kupima kadi, mwaka 1991, ilikuja kujulikana kuwa imekatwa kingo ili ionekane mpya. Bill Mastro, mtu mkubwa wa minada ya kadi, alikiri hivyo mwaka 2013 alipokubali kosa la udanganyifu mahakamani. Kadi ya mamilioni, iliyotazamwa na mabingwa, imechezewa kwa kisu. Nawaambieni hivyo ili kijana asije akachukua akiba yake akainunua kadi ghali kwa mtu asiyemjua, eti kwa sababu iko ndani ya plastiki yenye namba.

Basi tufanyeje sisi wenye mishahara ya kawaida? Njia ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Kadi hupimwa kwa alama 1 hadi 10, na wenye fedha hugombania 8 na kuendelea. Kadi ileile, mchezaji yuleyule, mwaka uleule, ikiwa na mkunjo na pembe zilizochakaa, inashuka bei kwa kishindo. Clemente wa 1955 hata akichakaa ni maelfu ya dola au karibu yake, huyo tumwache. Lakini Clemente wa mwisho wa miaka ya 1960, aliyechoka, unampata kwa makumi ya dola. Mchezaji asiye na jina kubwa wa miaka hiyo unampata kwa pungufu ya bei ya soda. Mimi huzitafuta hizo zilizochoka. Sura inaonekana, jina linasomeka, nyuma panasomeka. Ninachokikataa ni kadi iliyokatwa kingo, au iliyopakwa rangi kuficha ubovu. Mkunjo wa mtoto ni haki yake, lakini kisu cha mfanyabiashara ni wizi.

Nendeni kwenye maonyesho ya kadi. Hapa Pennsylvania hufanyika mara kwa mara kwenye kumbi za hoteli, kumbi za zimamoto na mashuleni. Meza zimepangwa, wazee wa makamo wamekaa nyuma ya maboksi, na mnaruhusiwa kupekua. Wengi wao ni watu wema, na ukimwambia unamtafuta mchezaji fulani kwa sababu unampenda, atakusimulia siku aliyomwona kwa macho yake. Bei inapatana. Ninyi mliokulia Kariakoo, Gikomba na masoko ya Bukavu hamhitaji somo langu hapo, ila punguzeni sauti kidogo.

Bebeni rula na kioo cha kukuzia. Kadi za Topps kuanzia 1957 zina upana wa inchi mbili na nusu na urefu wa tatu na nusu. Ikiwa fupi, kuna mtu ameipitisha kisu. Za 1952 hadi 1956 ni kubwa zaidi. Kwenye kioo, picha ya kadi halisi itaonekana imejengwa kwa nukta za rangi, lakini maandishi meusi yatakuwa wino mzito usio na nukta. Kadi iliyonakiliwa kwa mashine, hata herufi zake zimejaa nukta. Hilo moja litawaokoa mara nyingi. Pia nuseni. Karatasi ya miaka 60 haina harufu ya duka la vifaa vya ofisi.

Mkifika nyumbani, kadi iingie kwanza kwenye mfuko laini wa plastiki, kisha kwenye kasha gumu. Msizifunge kwa mpira wa kubania, unakata kingo. Msiziweke besimenti, unyevu huzikunja. Jua hula rangi, nyekundu ndiyo hutangulia kufifia. Yatosha hayo, mengine mtajifunza njiani.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje kabla sijakaa. Anaitwa Jefferson Burdick, wa Syracuse, New York. Alifanya kazi ya kuunganisha vifaa vya umeme kiwandani, na ugonjwa wa viungo ulimtesa tangu ujana. Huyu ndiye aliyezipanga kadi za Marekani zote, za sigara, za peremende, za matangazo, akazipa namba kwenye orodha aliyoichapisha. Ile herufi T ya T206 ni yake, maana yake tumbaku. Kuanzia mwaka 1947 alianza kuukabidhi mkusanyiko wake kwa jumba la Metropolitan Museum of Art la New York, zaidi ya vipande 300,000, na zaidi ya 30,000 kati ya hivyo ni kadi za besiboli. Alikwenda mwenyewe kuzibandika kwenye albamu, vidole vikiwa vimepinda kwa maumivu, mwaka baada ya mwaka. Alimaliza Januari 1963, na miezi miwili baadaye alifariki. Hakuziuza. Wagner mmoja yuko humo. Mtu wa mshahara wa kiwandani alilikabidhi jumba kubwa la sanaa hazina ambayo leo mabilionea wanaililia, na akaifanya kazi hiyo kwa mikono iliyokuwa ikimkatalia.

Vijana, msifikiri nawafungia kwa watu waliokufa. Tarehe 26 Aprili 2017, kwenye uwanja wa PNC Park, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia kuichezea Pirates, akawa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Mara yake ya kwanza kushika gongo, alipata mpigo. Ilikuwa hapa, mwendo wa basi kutoka tulipokaa. Na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuja jimbo hili letu, Williamsport, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto. Kadi za Ngoepe si za zamani, lakini zitazeeka. Kijana atakayeniambia anataka kuanzia kwake, nitatafuta naye meza kwa meza.

Sasa, kule nyuma kuna meza mbili. Ya kulia ina kadi zangu za Clemente, zote ziko kwenye makasha, shikeni kasha mtazame mbele na nyuma, ombi langu ni moja tu, msizitoe. Ya kushoto ina boksi la kadi za miaka ya 1970, hizo ni za kushikwa kwa mikono. Mikono iwe mikavu, msiwe mmetoka kula sambusa, na kadi ishikwe kwa kingo. Kila mtoto achague mchezaji mmoja kwa sababu yoyote ile, hata kwa ajili ya masharubu yake, asome nyuma ameandikwaje, amezaliwa wapi, kisha aje aniambie. Atakayenisimulia vizuri ataondoka na kadi hiyo.

Nakaribisha maswali. Mama yangu pale karibu na dirisha aliinua mkono tangu tulipokuwa kwa Josh Gibson, tafadhali tuanze naye.